Jicho Likisoma Mlalo, Kosa Husimama Wima

Ukurasa wa chemshabongo ndio unaopigiwa simu kuliko ukurasa wowote wa gazeti letu. Kauli ya waziri ikipotoshwa, msomaji atanung'unika kijiweni kisha ataendelea na kahawa yake. Sudoku ikitoka na kosa, saa mbili asubuhi simu imeshaita. Mpigaji ni mstaafu, mara nyingi wa Tanga au Moshi, na hana haraka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, jibu la fumbo la jana lina 6 mbili mahali pamoja. Nani anawakagulia?"

Anayewakagulia ni mimi. Kazi yangu ni kusoma prufu: habari, matangazo ya vifo, ratiba ya ligi, na mwisho kabisa, kurasa zikikaribia kushuka kiwandani na macho yameshachoka, majedwali ya tarakimu. Kukaa muda mrefu kwenye dawati hilo kumenionyesha kwamba makosa ya tarakimu hayatawanyiki ovyo ovyo. Yana upande. Upande huo hutokana na jinsi aliyenakili alivyofundishwa kusoma, na kosa hupita salama iwapo anayekagua naye amefundishwa vilevile.

Kwa asiyelijua fumbo lenyewe: sudoku ni jedwali la vyumba 81, yaani mistari 9 ya kulala na safu 9 za kusimama, nalo limegawanywa tena katika maboksi 9 yenye vyumba tisa tisa. Kila mstari, kila safu na kila boksi lazima viwe na tarakimu 1 hadi 9, kila moja mara moja tu. Tarakimu kadhaa umepewa. Zilizobaki ujaze mwenyewe. Hesabu hasa haimo. Ungeweza kuweka majina ya matunda tisa na fumbo lingebaki lile lile. Wengi huamini limetoka Japani, lakini umbo tunalolijua lilitungwa na Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Indianapolis, likachapishwa Marekani mwaka 1979. Kampuni ya Nikoli ya Tokyo ililichukua mwaka 1984 na kulipa jina. Novemba 2004, Wayne Gould, jaji mstaafu mzaliwa wa New Zealand aliyeandika programu ya kuyazalisha mafumbo hayo, akalifikisha katika gazeti la The Times la London, na baada ya hapo likasambaa hadi kwetu.

Kompyuta ikizalisha fumbo, haikosei. Kosa huingia njiani. Kwetu fumbo na jibu lake hufika kama picha, na msanifu kurasa huziandika tarakimu upya ili zikae kwa herufi na vipimo vya gazeti. Hapo ndipo mkono wa binadamu unapoingia. Chukua mstari huu wa jibu:

8 1 5 | 2 9 6 | 4 7 3

Sasa msanifu anaunakili hivi:

8 1 5 | 2 6 9 | 4 7 3

Ukague. Moja ipo, mbili ipo, tatu ipo mwishoni, nenda hadi tisa: zote zipo, na hakuna iliyojirudia. Mstari ni halali kabisa. Boksi la katikati nalo ni halali, maana 6 na 9 zimehama chumba tu ndani ya boksi lile lile. Ukijumlisha mstari utapata 45 kama inavyotakiwa, na boksi hali kadhalika. Kosa lote limemwagikia chini: safu ya tano sasa ina 6 mbili wala haina 9, na safu ya sita ina 9 mbili wala haina 6. Mkaguzi anayesoma mlalo, kama tunavyosoma magazeti, anaweza kupitia jedwali lote kwa uaminifu mkubwa, mstari kwa mstari, boksi kwa boksi, na asione chochote.

Katika mstari wa tarakimu tisa kuna jozi nane za majirani. Sita kati ya hizo zimo ndani ya boksi moja, na ni mbili tu zinazovuka mpaka wa maboksi. Kwa hiyo majirani wakibadilishana nafasi, mara nyingi mstari na boksi vyote viwili hukaa kimya, na safu peke yake ndiyo inayotoa siri.

Kwa nini wabadilishane mlalo na si wima? Kwa sababu anayenakili hachukui tarakimu moja moja. Huchukua tonge: anatazama picha, anajisemea kimoyomoyo "mbili-tisa-sita", anageukia kibodi, anaandika. Tonge hilo hulikata kwa mwelekeo aliozoea kusomea. Tarakimu zinafika zote, mpangilio ndio unaolegea njiani. Mholanzi Jacobus Verhoeff, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1969, alichambua makosa ya kuandika namba yaliyokusanywa katika huduma za posta za nchi yake. Yaliyoongoza kwa mbali yalikuwa ya tarakimu moja kuandikwa nyingine. Nyuma yake yalikuja ya majirani kubadilishana nafasi, takriban moja katika kila makosa kumi. Ndiyo sababu tarakimu ya mwisho kwenye kadi ya benki si ya mapambo. Hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950, na hunasa majirani wote waliobadilishana isipokuwa 0 na 9. Sudoku haina mlinzi wa namna hiyo. Ina safu tu, na safu hazitazamwi.

Wanaosoma vizuri ndio walio hatarini zaidi, na wahariri wenzangu hawapendi kulisikia hilo. Émile Javal, daktari wa macho wa Paris katika karne ya 19, ni miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kwamba jicho halitelezi juu ya mstari bali huruka na kutua. Kila kituo huchukua kama robo ya sekunde, na ni wakati wa kutua tu ndipo tunapoona. Jicho la msomaji hodari ni daladala ya usiku: linasimama vituo vichache na kuvipita vingine kwa mazoea. Maneno mafupi kama "na", "ya" na "kwa" mara nyingi hayatuliwi kabisa. Ndiyo maana "ya ya" iliyorudiwa, moja mwisho wa mstari na nyingine mwanzo wa unaofuata, hupita mbele ya wahariri watatu hadi mtamboni. Andika "walivyokubalina" katikati ya habari ya mgomo na wengi watasoma "walivyokubaliana" bila kusita, kwa kuwa neno ni refu, mwanzo wake ni sahihi, na sentensi imeshalidai.

Kwenye maneno, ubashiri huo ni msaada. Mwaka 1969 mwanasaikolojia wa Marekani Gerald Reicher alionyesha kwamba herufi inayomulikwa kwa nukta ya muda hutambuliwa vizuri zaidi ikiwa ndani ya neno kuliko ikiwa peke yake. Neno huibeba herufi. Tarakimu haibebwi na chochote. Hakuna sarufi inayodai kwamba baada ya 2 ije 9. Msomaji mzoefu akifika kwenye jedwali anakuja na mbio zile zile za kwenye habari, lakini kile kilichokuwa kikimsaidia kubashiri hakipo, na yeye hajui kwamba hakipo. Kinachobaki ni mbio.

Tena jicho linaloruka haliangalii pande zote sawasawa. Anayesoma Kiingereza huchota herufi tatu au nne tu kushoto kwa pale jicho lilipotua, lakini kulia hunufaika na habari za herufi hadi 14 au 15. Mwaka 1981 Alexander Pollatsek, Keith Rayner na wenzao waliwapima Waisraeli waliojua Kiebrania na Kiingereza. Watu wale wale, wakisoma Kiingereza, macho yao yalichota zaidi kulia. Wakisoma Kiebrania, ambacho huandikwa kutoka kulia, yalichota zaidi kushoto. Uchotaji huo unafuata maandishi, na unabadilika mtu akibadili lugha anayoisoma.

Matokeo hayo hayakunishangaza sana. Nilikulia Pangani, na kama watoto wengi wa pwani nilianza chuo cha Kurani kabla ya shule. Asubuhi tulisoma kutoka kushoto kwa mwalimu wa darasa la kwanza, alasiri tukasoma kutoka kulia kwa mwalimu wa juzuu, mwenye kijiti cha kutuonyeshea herufi na cha shughuli nyingine pia. Tarakimu za msahafu zilikuwa na mambo yao. Maandishi yanakwenda kushoto, lakini 45 imeandikwa 4 ikiwa kushoto na 5 kulia, kama tunavyoiandika sisi. Mwarabu hupata nafuu kwa kuwa hutaja tano kwanza ndipo arobaini. Waswahili tulichukua arobaini yao tukaiweka mbele, tukasema arobaini na tano, na kwa bahati njema matamshi yetu yakalingana na mwandiko wa shuleni. Wajerumani hawana bahati hiyo: hutaja tano na arobaini, kisha huandika 4 kwanza. Watafiti waliowapima watoto wa darasa la kwanza nchini Austria waliona sehemu kubwa ya makosa yao ya imla ya namba ni ya kugeuza makumi na mamoja.

Kule chuoni ndiko nilikoonyeshwa jedwali la tarakimu kwa mara ya kwanza, zamani kabla sijasikia neno sudoku. Ni ule mraba wa vyumba tisa unaopatikana katika vitabu vya falaki na ndani ya hirizi:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Kila mstari, kila safu na kila mshazari hujumlika 15. Tarakimu za pembeni, 2, 4, 6 na 8, zikigeuzwa kuwa herufi kwa hesabu ya abjadi hutoa jina Buduh, na ndiyo asili ya kuuita mraba wa Buduh. Mambo ya hirizi nawaachia wenyewe. Ninachokitaka hapa ni kosa lake. Badilisha 9 na 2 kwenye mstari wa juu: mstari bado ni 15, hauna neno. Lakini safu ya katikati inaanguka hadi 8, na ile ya kulia inapanda hadi 22. Ni ugonjwa ule ule wa sudoku, katika mraba wenye umri wa karne nyingi.

Kuna mlolongo mwingine wa utafiti unaotajwa kila watu wanapozungumzia kusoma na namba. Mwaka 1993 Stanislas Dehaene na wenzake huko Ufaransa walionyesha kwamba wasomaji wa Kifaransa hujibu haraka zaidi kwa mkono wa kushoto wanapoonyeshwa tarakimu ndogo, na kwa mkono wa kulia wanapoonyeshwa kubwa, kana kwamba kichwani mwao namba zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mwaka 2009 Samuel Shaki, Martin Fischer na William Petrusic wakalinganisha Wakanada, Wapalestina na Waisraeli. Wakanada walikuwa kama Wafaransa. Wapalestina, wanaosoma maneno na tarakimu za Kiarabu kutoka kulia, mpangilio wao ulikuwa kinyume. Waisraeli, wanaosoma maneno kutoka kulia na tarakimu kutoka kushoto, hawakuelemea upande wowote. Sitaki kutia chumvi: hakuna aliyepewa sudoku ya kukagua pale. Ila ninapoambiwa kwamba tarakimu hazina upande, hao ndio ninaowataja.

Kama ni suala la mazoea, basi mazoea ya kazi nayo yamo. Ofisi ya pili kutoka kwangu anakaa mhasibu wetu, mama wa makamo ambaye makala zetu hazisomi na hafichi. Siku moja mafumbo mawili yalikuwa yamelalamikiwa mfululizo, nikampelekea prufu ya la tatu kwa sababu tu nilikuwa nimechoka kulitazama.

"Mama, hebu nitazamie hili."

"Lete. Fedha iko wapi hapa?"

Hakuanza kushoto wala kulia. Aliweka kifuniko cha kalamu juu ya safu ya kwanza akashuka nacho, akarudi juu, akashuka safu ya pili. Kwenye safu ya nne akasimama.

"Kaka, 6 hapa ni pacha. Na 9 ameenda wapi?"

Mimi na mhariri wa zamu tulikuwa tumeshalipitisha jedwali lile. Mama huyu hana macho makali kutushinda. Huvaa miwani mizito kuliko yangu. Ila kwake tarakimu husomwa wima. Leja husomwa wima, orodha ya mishahara husomwa wima, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Angepewa ukurasa wa habari angepitwa na "ya ya" kama mtu mwingine yeyote. Kosa la sudoku lilikuwa limesimama katika njia anayopita kila siku.

Wima huo ulishawahi kuvunja kesi. Mwaka 2008 mjini Sydney, Australia, kesi ya dawa za kulevya iliyokuwa imesikilizwa kwa zaidi ya miezi mitatu, kwa gharama iliyopita dola milioni moja za huko, ilifutwa baada ya kugundulika kwamba baadhi ya wazee wa baraza walikuwa wakicheza sudoku ushahidi ukiendelea kutolewa. Mahakama ilikuwa ikiwaona wameinama wanaandika, ikadhani ni watu makini wanaochukua maelezo. Kilichowaumbua ni kwamba kalamu zao zilikuwa zikishuka chini badala ya kwenda pembeni. Mchezaji wa sudoku husoma kwa njia ambayo msomaji wa kawaida haitumii, na mtu aliye upande wa pili wa ukumbi anaweza kuliona hilo bila kuiona karatasi.

Jambo hili linamgusa pia mchezaji mwenyewe, wale wazee wa Tanga na Moshi. Kosa likiwa kwenye jibu huonekana, kwa kuwa vyumba vyote 81 vimejaa. Likiwa kwenye fumbo lenyewe, pengine hakuna pacha anayeonekana hata ukishuka wima, maana yule 6 wa pili bado hajaandikwa; ni wewe utakayemwandika, nusu saa baadaye, ukifuata kanuni zote. Fumbo la hivyo huweza kukosa jibu kabisa, au likawa na majibu kadhaa, na mchezaji hudhani akili yake ndiyo iliyoshindwa. Kukagua fumbo kwa kanuni za sudoku basi hakutoshi. Sharti lilinganishwe na picha lilikotoka, chumba kwa chumba, na hapo swali la mwelekeo hurudi pale pale.

Nje ya mafumbo, tarakimu zinazotusumbua hazina safu wala boksi. Tokeni ya umeme ya LUKU ni tarakimu 20, na bahati yetu huonyeshwa kwa mafungu ya nne nne. Anayeiingiza gizani akikosea, mita inakataa na hakuna hasara zaidi ya kuanza upya. Ukituma fedha kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla ya namba ya siri, na hilo jina ndilo linalookoa, kwa sababu jina hulisoma kwa ubashiri wote niliousema na tarakimu huzisomi hivyo. Mhazini wa kikoba naye ana hila ya wahasibu: daftari likipishana na fedha mkononi, tofauti igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, tafuta kwanza tarakimu zilizobadilishana. Aliyeandika 64,500 badala ya 46,500 amezidisha 18,000, ambayo ni 9 mara 2,000. Hila hiyo haithibitishi kitu, hukuambia tu uanzie wapi.

Dawatini kwetu utaratibu umebadilika. Nilimuuliza binti wa usanifu kurasa jedwali hulinakili vipi, akashangaa kuulizwa. "Mlalo, mzee. Kuna namna nyingine?" Ipo, lakini sikumbadilisha, mwendo wake ni wa haraka na karibu kila siku ni sahihi. Tuliyembadilisha ni mkaguzi. Binti akinakili mlalo, mimi nashuka wima, naanza na safu ya mwisho ya kulia nikirudi kushoto. Kuanzia kulia hakunipi taabu, na sijui kama nimshukuru mwalimu wa juzuu au kijiti chake. Kukiwa na muda tunasomeana: yeye anataja tarakimu moja moja akiitazama picha, akishuka, nami nafuata kwenye prufu. Anataja "mbili, tisa, sita", hataji "mia mbili tisini na sita", maana mia na makumi huzifunga tarakimu kuwa tonge upya.

Simu za asubuhi zimepungua, ingawa mwaka huu zimeanza kuja za aina nyingine. Picha za mafumbo sasa husomwa kwanza na programu ya kutambua maandishi, na programu haikati tonge wala haijisemei kimoyomoyo. Haibadilishi majirani. Yenyewe hugeuza 3 kuwa 8 pale wino ulipovimba, au 1 kuwa 7. Kosa la namna hiyo kwenye jibu halina upande wa kujificha: tarakimu moja ikigeuka nyingine, mstari, safu na boksi huvunjika vyote vitatu kwa pamoja, na hata mhariri wa habari, akisoma mlalo kama alivyozoea, hulikuta.